Nani Aliyalinda Maharagwe ya Gusii?

Kwa karibu nusu karne milima ya Gusii ililima dawa ya kuulia wadudu na kuisafirisha nje. Pareto, ua jeupe lenye moyo wa manjano, lililetwa Kenya na walowezi mwaka 1928. Vita Kuu ya Pili ilipoitenga Japani na masoko ya Magharibi, Kenya ikashika usukani wa biashara hiyo duniani. Katika miaka ya 1950 pareto ilienea kwenye mashamba ya wakulima wadogo Waafrika, na nyanda za juu za Kisii, pamoja na zile ambazo leo ni Kaunti ya Nyamira, zikawa miongoni mwa ngome zake. Maua yalichumwa kwa mkono, yakaanikwa, yakapimwa kwenye chama cha ushirika, kisha yakapakiwa kwenye lori kwenda kiwandani Nakuru. Huko yalikamuliwa kitu ambacho mdudu akikigusa hupooza.

Hatua chache kutoka kwenye pareto hiyo, chini ya mahindi, maharagwe ya kuliwa nyumbani yalikuwa yakifyonzwa na vidukari weusi. Dawa iliyokuwa ikienda Nakuru haikurudi kwa ajili yao. Walioyalinda, tena kwa kiasi cha kuridhisha, walikuwa wengine kabisa: mvua, mahindi yenyewe, na mkono wa mwanamke aliyechagua mbegu. Kisa hicho hakisimuliwi sana katika historia ya kilimo cha Gusii, labda kwa kuwa maharagwe hayakuwahi kuwa na bodi, wala kiwanda, wala bonasi ya mwisho wa mwaka.

Kidukari ni mdudu laini wa ukubwa wa punje ya wimbi. Hatafuni jani. Ana mrija mwembamba mdomoni anaoupenyeza polepole katikati ya chembe za mmea hadi kwenye mishipa inayosafirisha sukari, na hapo anakunywa. Utomvu huo una sukari tele na lishe nyingine haba, hivyo hulazimika kunywa kupita kiasi na kutoa ziada nyuma kama maji matamu ya kunata. Sisimizi huyafuata maji hayo, na ukungu mweusi huota juu ya jani yalipodondokea. Jike huzaa bila dume, huzaa watoto hai, na ndani ya watoto hao wajukuu wameshaanza kukua. Kukiwa na joto la kutosha, wiki moja hivi inatosha kumtoa mtoto mchanga hadi kuwa mzazi. Shina likijaa, huzaliwa wenye mabawa, nao huhamia shamba la jirani.

Kwenye maharagwe ya kawaida anayejulikana zaidi ni kidukari mweusi ambaye wanasayansi humwita Aphis fabae. Ndugu yake, Aphis craccivora, hupenda zaidi kunde na karanga. Wote wawili wana kosa la pili lililo baya kuliko kunyonya: hubeba virusi. Vile vya batobato ya maharagwe hushika kwenye ncha ya mrija, na sekunde chache za kuonja jani zinatosha kuviacha kwenye mmea mzima. Ndiyo maana kumuua kidukari baada ya kutua mara nyingi ni kuchelewa. Ameshaonja, na ugonjwa umeshaingia.

Mlinzi wa kwanza alikuwa mawingu. Gusii hupata zaidi ya milimita 1,500 za mvua kwa mwaka, zilizogawanyika katika misimu miwili, na kati ya misimu hiyo ardhi haikauki kama inavyokauka Ukambani au kando ya ziwa. Matone mazito huwaangusha vidukari chini, na wengi wao hawarudi juu. Anayejua kilimo cha huko anajua pia kwamba hatari huja mvua inapokatika kwa wiki mbili au tatu huku miche ingali michanga. Katika pengo hilo, shina lililokuwa safi huonekana kama limepakwa masizi.

Maharagwe yenyewe ni mgeni wa zamani. Asili yake ni Marekani ya Kati na ya Kusini. Yaliingia Afrika Mashariki kupitia pwani baada ya Wareno, yakapanda bara mkono kwa mkono. Kabla ya ukoloni chakula kikuu cha Abagusii kilikuwa wimbi, na kunde, ambazo kwa Ekegusii majani yake huitwa egesare, zilikuwa mboga. Baada ya serikali ya Waingereza kujikita Kisii, kufuatia misafara ya kijeshi ya 1905 na 1908, mahindi meupe yakaanza kuchukua nafasi ya wimbi, na maharagwe yakajipatia makao chini ya mahindi. Miaka ya 1930 Kisii ilikuwa miongoni mwa sehemu za kwanza nchini ambako Waafrika waliruhusiwa kupanda kahawa. Chai na pareto zikafuata miaka ya 1950. Kila zao la fedha lililoingia lilichukua kipande cha ardhi nzuri, na kwa kuwa lilikuwa na mnunuzi, mara nyingi lilikuwa na mwanamume anayelisimamia.

Maharagwe yalibaki kwa wanawake. Robert LeVine, mwanaanthropolojia wa Marekani aliyeishi na mkewe Barbara katika jamii waliyoiita Nyansongo kati ya 1955 na 1957, aliona jinsi sehemu kubwa ya kazi ya shamba la chakula ilivyowaangukia akina mama. Mbegu ilikuwa yao. Baada ya mavuno walikaa wakichambua punje: zilizokunjamana huku, zilizotobolewa kule, na zile nono, zenye rangi ya kupendeza, zikawekwa kando kwa msimu ujao. Nyingine zilichanganywa na jivu kuzuia wadudu wa ghalani.

Uchambuzi huo ulikuwa uzalishaji wa mbegu, hata kama hakuna aliyeuita hivyo. Mche ulioshambuliwa vibaya na vidukari hautoi punje nono, kwa hiyo hauchaguliwi. Msimu baada ya msimu, mimea dhaifu kabisa ilijiondoa yenyewe. Njia hii ina upungufu mkubwa, na ni vema kuusema: haiviwezi virusi vinavyosafiri ndani ya mbegu, kwa kuwa punje iliyobeba batobato inaweza kuwa nono na nzuri kwa macho. Mama aliyechagua kwa makini angeweza kuupanda ugonjwa kwa mikono yake.

Ulinzi wa tatu ulikuwa mchanganyiko. Katika eneo la Maziwa Makuu, Rwanda, Burundi na Kivu hasa, shamba moja la maharagwe liliweza kuwa na aina kumi au ishirini, zenye rangi na umri tofauti, zilizopandwa pamoja kwa makusudi. Gusii haikufika huko, lakini kupanda maharagwe katikati ya mahindi ilikuwa, na bado ni, desturi ya kila boma. Maafisa wa kilimo wa kikoloni walipendelea shamba lililonyooka, zao moja, mistari iliyopimwa. Mchanganyiko waliuona kama uvivu.

Ilichukua muda kwa utafiti kuwapa haki wakulima. Mwaka 1973 Kenya, kwa msaada wa Uholanzi, ilianzisha mradi wa mikunde katika kituo cha utafiti wa mboga na matunda Thika. Mtaalamu wa mbegu Henk van Rheenen na wenzake walilinganisha maharagwe yaliyopandwa peke yake na yale yaliyochanganywa na mahindi, na mwaka 1981 wakachapisha matokeo yao: batobato, chule na magonjwa mengine kadhaa yalipungua kwenye mchanganyiko. Miaka kumi na moja baadaye, huko Uganda, mtaalamu wa wadudu Morris Ogenga-Latigo pamoja na wenzake walimpima kidukari mweusi mwenyewe, wakiona jinsi nafasi kati ya mistari ya mahindi inavyoathiri idadi ya vidukari kwenye maharagwe. Ogenga-Latigo huyo huyo baadaye aliingia bungeni na kuwa Kiongozi wa Upinzani Uganda kuanzia 2006 hadi 2011. Huenda ndiye mwanasiasa pekee wa cheo hicho katika ukanda huu aliyewahi kuhesabu vidukari shina kwa shina.

Sababu ya mchanganyiko kufanya kazi si uchawi. Kidukari mwenye mabawa huruka akitafuta tofauti ya rangi, kijani kibichi juu ya udongo mtupu. Mahindi yakifunika udongo na kuficha miche, wengi hupita juu bila kutua. Wanaotua kwenye jani la mhindi huonja, hukuta si chakula chao, na katika kuonja huko ncha ya mrija huachia baadhi ya virusi.

Mradi wa Thika ndio uliowapa Wakenya majina ambayo hadi leo yanaimbwa sokoni. Herufi GLP zilizotangulia namba zake zilikuwa kifupi cha jina la mradi. GLP 2 ikawa Rosecoco, GLP 1004 ikawa Mwezi Moja, GLP 585 ikawa Wairimu, GLP x 92 ikawa Mwitemania. Nyingi zilikuwa zimetokana na mbegu zilizokusanywa kwa wakulima wenyewe, zikasafishwa, zikapimwa, zikarudishwa zikiwa sare. Kwa hiyo ile kazi ya akina mama haikutupwa. Ilipewa namba.

Lakini orodha ya mambo yaliyopimwa ilikuwa na mpangilio wake: mavuno, kukomaa mapema, ukubwa na rangi ya punje, magonjwa ya ukungu na ya bakteria. Kidukari alikuwa chini sana kwenye orodha. Kulikuwa na sababu za haki. Ukinzani wa maharagwe ya kawaida dhidi ya kidukari ni mgumu kuupata na mgumu zaidi kuuhamisha kwenye punje ambayo soko linaitaka. Shirika la CIAT la Colombia lilijitahidi dhidi ya mfyonzaji mwingine, panzi mdogo wa majani aina ya Empoasca, likatoa mfululizo wa mbegu zilizoitwa EMP, lakini huyo ni tatizo la Marekani ya Kusini zaidi kuliko la Nyamira.

Hata hivyo jani la haragwe lina silaha yake. Upande wa chini kuna vinywele vilivyojikunja nchani kama ndoana, visivyoonekana kwa macho. Mwaka 1953 jarida moja la Uingereza la wadudu lilieleza jinsi vidukari wa kunde wanavyonaswa na kujeruhiwa navyo. Mwaka 1976 watafiti wa Marekani wakaonyesha kwamba vinywele hivyo hivyo huwatoboa panzi wachanga wa majani. Katika nchi za Balkani watu walikuwa wakitandaza majani ya maharagwe sakafuni usiku ili kunasa kunguni, kisha wakayachoma asubuhi. Ni jambo la kustaajabisha kwamba silaha iliyotosha kumkamata kunguni ilikuwa shambani wakati wote, huku ikitegemea tu ni aina gani yenye vinywele vingi na aina gani yenye vichache.

Kuhusu virusi, wazalishaji walipata mafanikio na kisha wakapigwa teke. Kuna jeni moja, iitwayo I, inayoyakinga maharagwe dhidi ya batobato ya kawaida kwa ukali wa ajabu. Aina nyingi bora za kimataifa zilitiwa jeni hiyo. Zilipokuja Afrika Mashariki zilikutana na kirusi cha aina nyingine, kile ambacho leo kinahesabiwa kuwa kirusi tofauti kabisa, na jeni hiyo ikageuka mtego: mmea ukijaribu kupigana huua tishu zake wenyewe, mishipa inakuwa myeusi, na mche unakufa mzima. Kinga iliyofaa Ulaya na Marekani ilileta kifo hapa kwa sababu kidukari wa hapa alikuwa amebeba mzigo tofauti. Wazalishaji walilazimika kuongeza jeni nyingine za kuilinda ile ya kwanza.

Karanga zilikuwa na kisa kinachofanana. Ugonjwa wake wa rozeti, unaoenezwa na Aphis craccivora, uliandikwa kwa mara ya kwanza mwaka 1907 kutoka Afrika Mashariki ya Wajerumani. Karanga zinazouhimili zilionekana Afrika Magharibi mwaka 1952, nazo kwa muda mrefu zilikuwa zikikihimili kirusi tu. Kidukari aliendelea kunywa kwa raha zake.

Aliyemkabili kidukari mwenyewe alikuwa jirani. Thomas Odhiambo, mzaliwa wa Mombasa mwaka 1931 aliyesomea Cambridge, alianzisha kituo cha kimataifa cha wadudu, ICIPE, mwaka 1970. Kituo hicho kilijenga tawi Mbita, ukingoni mwa Ziwa Viktoria, chini ya kilomita 100 kutoka mji wa Kisii. Imani ya Odhiambo ilikuwa kwamba mkulima maskini hawezi kununua dawa kila msimu, hivyo ulinzi uwekwe ndani ya mbegu na ndani ya mazingira. Zao lililochaguliwa kwa mikunde lilikuwa kunde.

Mtaalamu wa uzalishaji R. S. Pathak, akifanya kazi ICIPE, alionyesha mwaka 1988 kwamba ukinzani wa kunde dhidi ya kidukari unatawaliwa na jeni chache zinazorithiwa waziwazi, akazipa majina Rac1 na Rac2. Kwa mzalishaji hiyo ni habari njema kupita kiasi, kwani jeni moja yenye nguvu huhamishika kwa misimu michache. Kutoka Mbita ikatoka ICV 12, kunde ambayo kidukari hushindwa kuistawia, na mara nyingi ikapimwa sambamba na ICV 1 inayoshambuliwa vibaya.

Jinsi ICV 12 inavyomshinda mdudu ilichunguzwa kwa njia inayofaa kusimuliwa. Watafiti humgundisha kidukari mgongoni waya wa dhahabu mwembamba kuliko unywele, kisha mmea na mdudu huunganishwa na mkondo dhaifu wa umeme. Mrija ukipenya jani, mkondo unabadilika, na mashine inachora kila hatua: anatafuta, ameonja, amefika kwenye mshipa, anakunywa. Kwenye kunde laini mdudu hutulia na kunywa kwa saa nyingi. Kwenye zile sugu anachoma, anachomoa, anahama, anachoma tena, na akifika kwenye mshipa hakai. Hafi kwa sumu. Anakosa mlo.

Basi kwa nini akina mama wa Nyaribari au Ekerenyo hawazungumzii ICV 12? Jibu moja ni mwinuko. Mbita iko karibu mita 1,140 juu ya usawa wa bahari, penye joto na ukame. Mji wa Kisii uko karibu mita 1,700, na Nyamira kuna sehemu zinazopita 2,000. Jibu la pili ni sufuria. Kando ya ziwa na ukanda mkavu punje ya kunde ina thamani, lakini Gusii kunde ni egesare: inapandwa kwa msongamano, inang'olewa au kuchumwa ingali changa, inapikwa pamoja na mboga nyingine za kienyeji, chinsaga na rinagu. Mnunuzi wa Daraja Mbili, soko kubwa la Kisii, haulizi mmea umezaa punje ngapi. Analipindua jani aone kama limenata. Kwa biashara hiyo vidukari wachache tu wanatosha kuharibu fungu zima, na mbegu inayovumilia wadudu bila kupoteza punje haimsaidii muuzaji hata kidogo.

Tena ukinzani wa jeni moja una umri. Afrika Magharibi, ambako taasisi ya IITA ya Ibadan ilitoa kunde zenye jeni za aina hiyo, vidukari wa sehemu mbalimbali walionekana kutofautiana, na mbegu iliyosalimika mahali pamoja ikaliwa mahali pengine. Mdudu anayezaa bila dume kila wiki halazimiki kungoja sana kabla bahati haijamwangukia.

Gusii kwa upande wake ilikuwa imeshapata adui mwingine. Miaka ya 1990 mizizi ya maharagwe ilianza kuoza magharibi mwa Kenya, Vihiga na Kakamega zikiumia zaidi. Ardhi ilikuwa imechoka kwa kupandwa zao hilo hilo bila kupumzishwa, na mashamba yalikuwa yamegawanywa kwa wana hadi kubaki vipande. Watafiti wa Kakamega, wakitumia mbegu zilizopitia Rwanda na CIAT, walitoa KK 8, KK 15 na KK 22. KK 15 ilikuwa imara, lakini ilikuwa nyeusi, na mnunuzi wa Kenya aliyezoea Rosecoco aliigeuzia uso.

Wakati huo huo pareto ilikuwa ikianguka. Malipo yalichelewa kwa miezi, kisha kwa miaka, na wakulima wengi wakaing'oa wakapanda chai, migomba au mikaratusi. Kemia ya ua lile ilikuwa imeshaondoka zamani: mwaka 1973 Michael Elliott na wenzake katika kituo cha Rothamsted, Uingereza, walitengeneza permetrini, ndugu wa sumu ya pareto asiyeharibiwa haraka na jua. Dawa za ukoo huo ndizo zinazouzwa leo kwenye agroveti za Keroka na Ogembo, katika chupa ndogo za bei ambayo mkulima wa robo ekari anaweza kuimudu. Huua vidukari, na huua pia mbawakawa wekundu wenye madoa waliokuwa wakiwala vidukari hao bure. Dawa za kupaka kwenye mbegu, zinazopanda na utomvu hadi mdomoni mwa mfyonzaji, zilikuja baadaye, na Umoja wa Ulaya ukazipiga marufuku tatu kati ya hizo mashambani mwaka 2018 kwa ajili ya nyuki.

Mbegu mpya za KALRO, shirika la utafiti wa kilimo la Kenya, zimeendelea kutoka. Nyota, inayosifiwa kwa kupikika haraka na kwa madini yake ya chuma na zinki, imesambaa kwa kasi. Ni sifa zinazostahili, na hakuna anayelalamika kwa haragwe linaloiva kabla kuni hazijaisha. Ila kidukari bado hayumo katika sifa zinazoandikwa kwenye pakiti.

Nje ya pakiti kuna biashara nyingine. Sheria ya Mbegu na Aina za Mimea, kwa marekebisho ya 2012, ilifanya kuuza au kubadilishana mbegu isiyothibitishwa kuwa kosa, na wakulima wadogo wakaipeleka sheria hiyo mahakamani mwaka 2022. Wakati kesi ilipokuwa ikiendelea, masoko ya Gusii hayakubadilika sana. Maharagwe ya rangi moja hupimwa kwa gorogoro kwa bei yake, na ya mchanganyiko kwa bei ya chini. Msimu wa mvua ukikaribia, wanawake wengi huyanunua hayo ya mchanganyiko kwa sababu mbili: nusu ya kupika, nusu ya kupanda.